Gari la Zamani: Pima Kwanza, Ndipo Ununue Spea

Corolla 110 za mwisho zilitoka viwandani Japani mwaka 2000. Hadi leo ziko barabarani Mbagala, Arusha, Mwanza na Kisumu, pamoja na wenzao wa rika moja: Carina Ti, Corona Premio, Starlet, RAV4 za milango mitatu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imeyafungia mlango yaliyozidi miaka 15, lakini yaliyokwisha kuingia bado yapo mikononi mwetu na yanazidi kuzeeka. Ni magari magumu. Injini ya 5A-FE iliyomo kwenye Corolla 110, ya cc 1498, ni rahisi kuifungua, spea zake zipo kila mji, na fundi asiyeijua ni wa kumtafuta.

Waulize basi wenye magari haya fedha zao zinaishia wapi. Wengi watakutajia kifaa kilichobadilishwa, kikafuatwa na kingine, kikafuatwa na cha tatu, na tatizo likabaki palepale. Alteneta imenunuliwa, kumbe terminali ya betri ilikuwa imelegea. Rejeta imebadilishwa, kumbe ni mfuniko wake. Uzee wa gari una gharama zake, sikatai, lakini gharama kubwa kuliko zote ni ya kubahatisha, na hiyo inaepukika.

Makala hii ni ya mwenye gari. Haikufundishi kushusha injini. Inakuonyesha unachoweza kupima mwenyewe kwa mita ya umeme ya bei ndogo, tochi, spana namba 10 na masikio yako, ili utakapofika gereji uwe na la kusema.

Na la kusema lina uzito. Ukimwambia fundi "gari halina nguvu", umemwachia dunia nzima aitafute. Mwambie hivi: "Fundi, asubuhi linawaka vizuri. Likishapata moto nikasimama kwenye foleni linatetemeka, na nikiwasha eisi linataka kuzimika." Hapo umeshampa nusu ya jibu. Andika kwenye simu tatizo linatokea lini: injini ikiwa baridi au moto, mwendo gani, baada ya mvua au wakati wa jua, na kama lilianza baada ya kazi fulani kufanyika. Hili la mwisho usilidharau hata kidogo. Hitilafu nyingi huzaliwa siku ileile gari lilipotoka gereji, kwa soketi iliyosahaulika au mpira wa hewa uliochomoka.

Ufunguo unageuka, gari haliwaki

Yapo mambo mawili tofauti ambayo watu huyapa jina moja. La kwanza, injini haizunguki kabisa. La pili, injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Hayatibiwi kwa dawa moja, kwa hiyo yatenganishe kabla hujampigia mtu yeyote simu.

Kama haizunguki, washa taa kubwa za mbele kisha geuza ufunguo huku unazitazama. Taa zikififia sana na ukasikia "tak-tak-tak" ya haraka, umeme hautoshi: betri imeisha au njia ya umeme imebanwa mahali. Taa zikibaki na nguvu zake na ukasikia "tak" moja nzito, elekea kwenye stata. Taa zikibaki vilevile na kukawa kimya kabisa, shaka swichi ya ufunguo au waya mwembamba unaokwenda kwenye stata. Kama gari ni la otomatiki, sogeza gia kutoka P kwenda N ujaribu tena. Swichi ndogo ya gia inapochoka hukataa upande mmoja na kukubali mwingine. Hilo la otomatiki pia usilisukume ili liwake; halitawaka, na mtachoka bure.

Sasa mita. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imeisha. Mwombe mtu awashe wewe ukiwa umeshika mita kwenye betri: wakati stata inazungusha, namba isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imetulia kisha ikaanguka hadi 7 ikipewa kazi, imekufa ndani hata kama sura yake bado mpya. Gari likishawaka, namba inapaswa kupanda iwe kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji. Ikipita 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika na betri yako inachemshwa polepole.

Kipimo hicho ndicho cha kutumia, si kile cha kuchomoa terminali ya betri gari likiwa linawaka ili kuona kama litazimika. Bado kinafanywa kwenye gereji nyingi. Magari ya dizeli ya zamani yasiyo na kompyuta yalivumilia. Gari lenye kompyuta linaweza kupigwa na umeme wa ghafla ukaharibu vitu ambavyo bei yake haikaribiani kabisa na ya alteneta. Mkatalie fundi kwa heshima, umpe mita.

Kabla ya kulaumu betri au alteneta, tazama terminali. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota hapo unazuia umeme, na kwa wanaoishi karibu na bahari huota upesi zaidi. Fungua hasi kwanza kisha chanya, mwaga maji ya moto yenye magadi, sugua kwa brashi ya waya hadi risasi ing'ae, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Terminali isicheze hata kidogo ukiisukuma kwa mkono.

Halafu upo waya ambao karibu kila mtu anausahau: ule wa ethi, unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Kwenye gari la miaka 25 huwa umeliwa na kutu ndani ya ala yake, na kwa nje unaonekana mzima. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mtu awashe. Namba ikizidi nusu volti, umeme unapotelea hapo. Waya huo unabadilishwa kwa bei ya chakula cha mchana, na umewahi kusababisha stata nzuri nyingi zitupwe.

Stata nyingi za Toyota za miaka hiyo ni za Denso. Ndani yake mna vipande viwili vya shaba vinavyounganisha umeme mkubwa, na cheche huvila taratibu. Dalili yake haifichiki: leo gari linawaka mara moja, kesho unageuza ufunguo mara nne au tano ndipo linakubali, na kila mara unasikia "tak" moja. Fundi umeme anayejua kazi hubadilisha vipande hivyo peke yake. Muulize kabla hujakubali kununua stata nzima ya mtumba, kwa sababu hiyo ya mtumba nayo huenda shaba zake zimeshaliwa.

Kama betri ni nzima, inachaji, lakini kila ukiliacha gari siku mbili unalikuta limekufa, kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Zima kila kitu, funga milango, fungua terminali ya hasi, uweke mita katikati ya terminali na nguzo ikiwa upande wa kupima ampea 10. Usithubutu kuwasha gari mita ikiwa hapo. Gari la umri huu linapaswa kusoma chini ya ampea 0.05. Ikisoma zaidi, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine; ile ambayo ukiichomoa namba inashuka, ndiyo njia ya mwizi. Mara nyingi ni redio au alamu iliyofungwa na mtu wa mitaani, au taa ya buti isiyozimika.

Injini inazunguka lakini haishiki? Usione aibu kuanza na petroli. Geji za magari ya zamani hudanganya. Baada ya mvua kubwa, au baada ya kuoshwa injini, shaka unyevu ndani ya distributa na kwenye waya za plagi. Fungua boneti usiku pasipo na taa, mtu awashe gari: ukiona vicheche vya buluu vinaruka kutoka kwenye waya, umeme unavujia nje badala ya kwenda kwenye plagi.

Na ikiwa injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kwa sauti laini kana kwamba haina mzigo, acha kuwasha. Huenda mkanda wa taimingi umekatika. Kwa bahati, injini za 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE zimeundwa ili mkanda ukikatika valvu na pistoni zisigongane, hivyo unafunga mwingine na safari inaendelea. Injini nyingine nyingi hazina rehema hiyo. Mkanda huu ni wa kubadilisha kila kilomita 100,000, na magari mengi kutoka Japani huja na stika chini ya boneti inayoonyesha ulibadilishwa lini. Mwaka kwenye stika hizo mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya Kijapani: kwa enzi ya Heisei, ongeza 1988 juu ya namba unayoiona. Ikiandikwa 20, ni mwaka 2008. Usipoikuta stika, na aliyekuuzia hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Gari linachemsha

Hapa ndipo injini nyingi zinapofia, na nyingi zingeweza kuokolewa kwa subira ya dakika 40.

Mshale wa joto ukipanda kupita kawaida, zima eisi, washa hita ya ndani na feni yake mpaka mwisho ili joto litoke injini kuja kwenu (mtatoka jasho, vumilieni), na utafute pa kuegesha. Zima gari. Usimwagie injini maji ya baridi. Chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda au kupasuka. Wala usiguse mfuniko wa rejeta. Maji yaliyobanwa mle ndani yana joto lililopita nyuzi 100, na yakifunguliwa hugeuka mvuke mara moja, yakaruka usoni. Watu wameunguzwa na kupofuka kwa haraka hiyo. Subiri mpaka uweze kushika mpira mkubwa wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuuachia, ndipo ufungue polepole kwa kitambaa kizito.

Baada ya hapo jiulize: linachemsha wakati gani?

Likichemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, tatizo liko kwenye feni. Injini ikiwa inawaka, bonyeza eisi. Kwenye magari haya feni lazima izunguke. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha rilei, kisha mpe fundi umeme kazi ya kuipa mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota ikizunguka hapo, ni nzima, na shida iko kwenye waya au swichi ya joto.

Likichemsha kwenye mwendo mkali au mlima mrefu, kama Kitonga ukiwa na mzigo, wakati foleni ya mjini halisumbui, rejeta haipitishi maji ya kutosha. Mulika tochi kati ya mapezi yake: tope, nyasi na wadudu hukaba hewa, na huoshwa kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kuja nje. Kama kwa nje ni safi, imeziba ndani. Ndiyo matokeo ya kujaza maji ya kisima chenye chumvi mwaka hadi mwaka. Watu husema huku kwetu hakuna barafu, kulanti ya nini? Kulanti ina dawa za kuzuia kutu na ukoko, na injini ya 5A-FE ina hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, vitu viwili vinavyolana haraka vikikutana kwenye maji matupu ya chumvi. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa yale ya kujazia betri, na rangi isikushughulishe. Kinachohesabika ni kilichoandikwa kwenye kopo.

Mfuniko wa rejeta unastahili heshima kuliko unayopewa. Umeandikwa namba juu, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hicho ni kiwango cha mgandamizo unaoshikilia. Kwa 0.9, maji matupu usawa wa bahari hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Mpira wake ukichoka, kinga hiyo inapotea. Dar es Salaam utaponea chupuchupu. Nairobi au Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 94, ambazo injini nzima yenye afya inazifikia bila shida. Ndiyo maana gari linaweza kutulia kabisa pwani na kutoa mvuke likifika juu. Nunua mfuniko mpya wenye namba ileile ya ule wa zamani kabla hujafikiria rejeta.

Sasa themostati. Desturi ya kuitoa na kuitupa imeenea kutoka gereji hadi gereji, na fundi atakwambia kwa moyo mweupe kwamba nchi yetu ya joto haiihitaji. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinakataza jambo hilo kwa maneno ya wazi, hata kwa gari linalochemsha. Sababu ni hii: themostati ya injini hizi ina valvu mbili. Ya juu inafungulia maji yaende kwenye rejeta. Ya chini, wakati huohuo, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kupozwa. Mlimani utazidi kuchemsha. Asubuhi nayo injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado baridi, inaongeza petroli, na wewe unalalamika gari limeanza kula mafuta.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, ipashe moto taratibu. Nyingi za Toyota hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Isipofunguka, au ikiwa imeganda wazi tangu mwanzo, ndipo ununue nyingine.

Linabaki lile linaloogopwa: maji yanapungua na huoni yanakokwenda. Chunguza kwanza palipo rahisi. Zulia la abiria wa mbele likiwa na unyevu wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja. Alama nyeupe au za rangi ya kulanti chini ya pampu ya maji zinaonyesha pampu imechoka. Kama huko kote kukavu, elekea gasketi ya hedi. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, jaza maji, washa: mapovu yakitoka mfululizo hata baada ya hewa ya mwanzo kuisha, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha gari lililolala, jibu ni hilohilo. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti chake inathibitisha. Utando mwembamba wa rangi hiyo chini ya mfuniko wa oili peke yake hautoshi kukuhukumu. Safari fupi fupi za asubuhi huuleta pia.

Ikifikia kushusha hedi, sharti langu ni moja na naomba liwe lako: hedi ipelekwe kwa mchonga vyuma, ipimwe kwa rula iliyonyooka na vipimo vya unene. Mkunjo wa sehemu moja ya kumi ya milimita umezidi. Ukifunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, utarudi gereji mvua zijazo.

Inatetemeka, inakohoa, na taa ya injini imewaka

Injini inayotetemeka ikiwa imesimama huwa inakosa kimoja kati ya vitatu: cheche, petroli au hewa iliyopimwa. Gari likiwaka, na ukiwa umehakikisha hakuna petroli inayovuja, chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, rudisha, nenda ya pili, hadi ya nne. Nozeli ambayo ukiichomoa injini inadhoofika, silinda yake inafanya kazi. Ile isiyobadilisha kitu ndiyo silinda mgonjwa. Hamisha plagi yake kwenye silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, umepata jibu kwa plagi moja. Sikiliza pia mlio wa "sss" karibu na mipira ya hewa iliyokauka na kupasuka. Na koo ya kupitishia hewa, pale penye kipepeo kinachofunguka ukikanyaga mafuta, huwa na masizi meusi. Kuisafisha kwa dawa yake kumetuliza magari mengi yaliyokuwa yameandikiwa nozeli mpya.

Taa ya injini ikiwaka, utaambiwa upime kwa mashine. Mashine nyingi za kisasa haziongei na Toyota za Japani za miaka ya 1990, na hapo baadhi ya watu huanza kukisia. Gari lenyewe linasema. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya kifuniko mna ramani ya matundu. Ufunguo ukiwa umezimwa, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mapigo yaliyo sawa, hakuna kosa lililohifadhiwa. Vinginevyo hesabu: mapigo mawili, kimya kidogo, mapigo mawili, ni 22, yaani kihisi cha joto la maji. 21 ni kihisi cha oksijeni kwenye egzosi, 31 ni kihisi cha mgandamizo wa hewa, 41 ni kihisi cha kipepeo. Soma ramani kwa makini, maana kuunganisha matundu yasiyohusika kunaweza kuunguza kitu. Namba hiyo pia inakuambia mahali pa kutazama, haijasema kifaa kimekufa: waya uliokatika au soketi yenye kutu hutoa namba ileile. Pima waya kabla ya kulipia kihisi.

Moshi nao una lugha. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto ni maji, na hapo rudi kule kwenye gasketi. Mvuke kidogo wa asubuhi ya baridi ni wa kawaida.

Makelele na breki

Kelele za chini nitazipitia haraka kwa kuwa zinajitambulisha zenyewe. "Kata-kata-kata" unapokunja kona huku unakanyaga mafuta ni sivii jointi ya nje. Mara nyingi ilianza kwa mpira kupasuka na grisi kumwagika, na ungeuwahi mpira tu. Kugonga kwenye vishimo vidogo huku gari likienda taratibu: linki za stabilaiza na bushi. Gari linaloendelea kunesa baada ya kubonyeza kona yake kwa nguvu limeishiwa shokapu. Usukani unaotetemeka kwenye mwendo wa 80 hadi 100 ni wa kubalansi magurudumu. Unaotetemeka pale tu unapofunga breki ni wa diski zenye mawimbi.

Boli jointi iliyolegea na tairodi yenye mchezo haziingii kwenye mjadala wa bei. Zikiachia njiani, gurudumu linakwenda linakotaka.

Kwa breki, mlio mkali na mwembamba ni onyo la pedi kuisha. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma maana yake umeshachelewa na diski inaliwa. Gari likivuta upande mmoja ukikanyaga, baada ya safari fupi sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa: lenye joto kuliko mwenzake lina kalipa iliyoganda. Pedali ikiwa laini kama sponji kuna hewa. Ikizama polepole mguu ukiwa umetulia juu yake, na hakuna mvujo popote, silinda kuu imechoka, na gari lisitoke hapo lilipo.

Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205; yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140, na breki zinazotumika mfululizo kwenye mteremko mrefu hufika huko. Yabadilishwe kila miaka miwili. Na mtu asikujazie humo haidroliki ya usukani au oili yoyote: mipira yote ya breki huvimba na mfumo mzima unakufa.

Ukifika dukani

Iwe Gerezani au Kariakoo Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, usiende na jina la gari peke yake. Corolla za mwaka mmoja zinaweza kuwa na alteneta, pedi na mipira tofauti. Piga picha kibati kilichomo chini ya boneti chenye namba ya chesisi, mfano AE110 na tarakimu zinazofuata, pamoja na jina la injini. Muuzaji makini ataitumia kupata namba kamili ya spea. Beba kifaa cha zamani mkononi, mlinganishe matundu, meno na soketi kabla ya kulipa, na uandikiwe kwenye risiti kwamba unaweza kurudisha kikigoma.

Mtumba kutoka Japani si wa kudharauliwa kwa stata, alteneta, distributa au kompyuta: mara nyingi ni wa kiwandani na unazidi mpya wa kuigiza. Lakini pedi, mikanda, mipira, themostati, pampu ya maji na mfuniko wa rejeta nunua vipya, vya jina linalojulikana, kwa muuzaji ambaye kesho utamkuta. Na fundi akimaliza, akurudishie kifaa alichokitoa, kisha mwende naye barabarani mpaka lile uliloliandika kwenye simu lipewe nafasi ya kujitokeza: kama lilikuwa la foleni, kaeni kwenye foleni, kama lilikuwa la mlima, mtafutieni mlima.